Kabla Hujailamineti Hiyo Karatasi

Ingia stesheneri yoyote ya Kariakoo, au ya mtaani kwako, ukiwa na karatasi ya maana mkononi. Salamu hazijaisha utaulizwa: "Tunailamineti?" Mashine iko kaunta, imeshapata moto, bei yake haifiki hata sahani ya chipsi mayai, na utatoka na kitu kinachong'aa, kigumu, kisichoogopa mvua wala chai. Naelewa kwa nini watu wanapenda. Lakini ningekuwa na mamlaka ningebandika tangazo juu ya kila mashine ya namna hiyo: kinachoingia humu hakitoki tena.

Mimi ni mkusanyaji wa karatasi za zamani. Stempu, noti, tiketi za reli, barua, magazeti, kadi za vyama, kalenda za maduka ambayo wenyewe walishafunga. Watu wakishajua una ugonjwa huu hukuletea vitu, na hivi majuzi jamaa mmoja kaniletea noti ya rupia moja ya mwaka 1915, tena kwa fahari, maana alikuwa "ameitunza". Ameilamineti.

Noti zile zina kisa chake. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, manowari za Waingereza zilifunga pwani, shehena kutoka Ujerumani zikawa hazifiki, na serikali ya kikoloni ikapungukiwa pesa. Ikabidi wachape wenyewe hapa hapa, kwanza Dar es Salaam na baadaye Tabora, kwa karatasi waliyoweza kuipata. Ndiyo maana noti hizo hazifanani: moja nyembamba, nyingine nzito kama ya kufungia vifurushi, hii ya kijivu, ile ya hudhurungi. Mkusanyaji anaitambua kwa vidole na kwa kuiinua kwenye mwanga. Sasa ya yule jamaa vidole vinagusa plastiki, na mwanga unarudi usoni. Noti ipo, unaiona, ila haiwezi tena kukwambia chochote. Sikumlaumu. Nilimshauri asijaribu kuibandua, akaondoka hajaridhika.

Plastiki ya kulamineti ina tabaka mbili. Ya nje ni ngumu, ya ndani ni gundi inayoyeyuka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 100. Ikipita kwenye rola, gundi inazama katikati ya nyuzi za karatasi na kuganda humo. Kuitoa kunahitaji fundi mwenye dawa zake, na mara nyingi wino unakuja pamoja na gundi. Tena kama karatasi ina asidi ndani yake, nayo nyingi zinayo, hiyo asidi imefungiwa humo iendelee na kazi. Kwa vyeti vya siku hizi kuna la ziada: mhuri wa kugandamizwa unalala, alama ya maji, ile inayojitokeza ukiinua karatasi kwenye mwanga, haionekani vizuri, na afisa mwenye mashaka ana haki ya kukuuliza umeficha nini chini ya plastiki. Risiti za EFD na tiketi zinazochapwa kwa joto ndizo usithubutu kabisa. Zinaingia nyeupe zinatoka nyeusi tii.

Nitasema wazi msimamo wangu, kisha nieleze sababu: kwa sisi tunaokaa pwani, karatasi nyingi hazifi kwa kusahauliwa. Zinakufa kwa kupendwa vibaya. Plastiki, selotepu, vidonge vya nafthalini, jua la kuanikia. Barua iliyolala miaka 60 ndani ya msahafu au kitabu cha hesabu, haikuguswa na mtu, mara nyingi naikuta na hali nzuri kuliko ile iliyowekwa kwenye faili la plastiki mwaka 1998 na mtu mwenye nia njema.

Sasa karatasi yenyewe. Zamani ilitengenezwa kwa matambara ya pamba na kitani, ndiyo maana kuna miswada ya karne nyingi ambayo bado inakunjika bila kuvunjika. Utendi wa Tambuka, kwa mfano, una mswada wa mwaka 1728, sasa uko Hamburg, na bado unasomeka. Karne ya 19 viwanda vikahamia kwenye rojo la mbao, na ili wino usisambae wakatia shabu na utomvu wa misonobari. Shabu inazaa asidi. Mbao nazo zina lignini, ambayo ikipigwa na mwanga na hewa inageuka njano. Gazeti ni mbao iliyosagwa tu, haijasafishwa, kwa hiyo ndilo linalooza mwanzo. Nina nakala kadhaa za Mambo Leo, lile gazeti la serikali ya Tanganyika lililoanza mwaka 1923, lenye kurasa za mashairi ya wasomaji kutoka kila pembe ya nchi. Zikunjue kwa pupa uone: kwenye mkunjo zinakatika kama papadi. Gazeti la namna hiyo halikunjuliwi. Linalazwa juu ya kadibodi safi, linabebwa na kadibodi yake, na kwa kusoma tunalipiga picha mara moja, basi.

Asidi pia inahama. Weka kipande cha gazeti ndani ya albamu kwa miaka kumi halafu kitoe. Utaona kivuli chake cha kahawia kwenye ukurasa wa jirani, na pembe zake nne zimejichora. Kwa hiyo magazeti yalale peke yake, mbali na barua, mbali na stempu. Bahasha za kaki tunazozipenda sana maofisini nazo ni za ukoo huohuo. Hapa kuna habari njema na ya bei rahisi: karatasi nyingi za A4 zinazouzwa siku hizi kwa rimu hazitengenezwi tena kwa shabu bali kwa chokaa, na chokaa inapambana na asidi. Kama pakiti imeandikwa ISO 9706, hiyo ni karatasi ya kudumu, kiwango chake kinataka isiwe na asidi na iwe na akiba ya chokaa ya walau asilimia 2. Mimi natumia hiyo kukunja bahasha za mikunjo minne bila gundi. Barua ndani, A4 nje, jina kwa penseli. Wakusanyaji wa Ulaya wanaagiza makasha ya gharama. Sisi rimu moja inatunza ukoo mzima.

Kisha hewa. Hewa ndiyo mada yenyewe, na hapa ushauri mwingi unaoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi unatupoteza. Wao wanakwambia unyevu uwe kati ya asilimia 35 na 50. Mtu wa Tanga, Mombasa au Unguja akisoma hivyo anacheka, maana kwetu asubuhi ya kawaida ni 80 na kitu. Namba ya kuikumbuka ni moja: ukishapita 65 hadi 70 na hewa ikawa imetulia, kuvu wanapata nafasi. Hilo la hewa kutulia ndilo la kuzingatia. Sisi hatuwezi kuikausha pwani, lakini tunaweza kuizuia isilale. Kabati lenye nafasi ya vidole vitatu nyuma yake, lisilogusa ukuta wa nje wala ukuta wa bafu, lenye matundu, ndani ya chumba ambacho watu wanaishi na feni inazunguka, linashinda kabati la kifahari lililofungwa kwenye chumba cha wageni ambacho hakifunguliwi hadi Idi.

Kuna wanaosema dawa ni kiyoyozi. Kiyoyozi kinachofanya kazi mchana na usiku, mwaka mzima, ndiyo, kinasaidia. Kinachowashwa saa nne usiku na kuzimwa alfajiri, au kinachozimwa na umeme wenyewe, ni balaa. Chumba kimepoa, vitu vimepoa, umeme umekatika, mtu kafungua dirisha: hewa ya joto yenye maji inaingia na kukuta sanduku la baridi. Unajua soda ikitoka kwenye friji inavyotoka jasho. Ndivyo linavyotoka jasho na tranka la bati. Karatasi yenyewe inavuta maji na kuyaachia, inatanuka na kunywea, na kila mara wino na nyuzi zinapigana. Heri unyevu wa 70 usiocheza kuliko 50 leo na 85 kesho. Nunua kale kasaa kadogo ka kupima unyevu, kanauzwa bei poa madukani na mtandaoni, kaweke ndani ya kabati, siyo ukutani sebuleni, ukachungulie kwa misimu tofauti. Utaijua nyumba yako upya.

Mimi nafungua masanduku yangu kipupwe, Juni hadi Agosti, hewa ikiwa imepungua maji. Kila kitu kinatoka, kinalala kivulini kwenye meza ndefu, mlango wazi, feni ikielekezwa darini isizipeperushe. Kivulini, narudia. Tumerithi imani kwamba jua linaua kila kibaya, na kwa magodoro sina ubishi. Kwa karatasi jua linaunguza lignini, linafuta wino wa zambarau wa mihuri, na linapindisha kila kitu. Masika sifungui kabisa, hata mgeni akiomba kuona.

Kuhusu vyombo vya kutunzia, nina maoni makali juu ya kimoja tu, yaani faili la plastiki laini linalonuka. Hilo lenye harufu ya gari jipya ni PVC. Plastiki hiyo imelainishwa kwa mafuta, mafuta yanahamia kwenye karatasi, na miaka ikipita yenyewe inatoa asidi. Wewe mwenyewe umeshaona: unachomoa fotokopi ya zamani kwenye faili, na maandishi yamebaki kwenye plastiki, yanasomeka kinyume. Zile ngumu kidogo, zisizo na harufu, zenye alama PP au namba 5 ndani ya pembetatu, hazina shida hiyo. Kwa stempu na noti, tafuta vifuko vya poliesta. Mengine ni ya kawaida. Tranka la shule linafaa likiinuliwa juu ya matofali na kutandikwa A4 ndani. Sanduku la Kizanzibari ni zuri kwa macho, lakini mbao hutoa mvuke wa asidi, kwa hiyo karatasi zisiguse ubao. Friji bovu lililogeuzwa kabati halifai. Mpira wake wa mlangoni ulitengenezwa usipitishe hewa, na hautapitisha.

Vile vipakiti vya silika jeli tunavyovitupa kila tunaponunua viatu vinafanya kazi kwenye chombo kidogo kinachofunga vizuri, kopo la biskuti kwa mfano. Kwenye tranka lenye mianya ni sawa na kukausha bahari. Ukinunua ya chembe zinazobadilika rangi utaona ikishiba, na oveni ya nyuzi 120 kwa saa mbili tatu inaifufua.

Stempu zinastahili neno lao, maana hapa pwani ndizo zinazoliza watu. Zile za Kenya, Uganda na Tanganyika za tangu 1935, ambazo hazijatumika, zina gundi nyuma. Hewa ya masika inaiamsha. Ukiziweka kifudifudi chini ya kitabu kizito, kesho zimebandikana au zimebandika albamu. Zisigandamizwe, zisimame wima kama vitabu. Na madoa yale ya kahawia yanayotokea kwenye meno ya stempu, usiyasugue wala usiyapake jiki. Itakutolea doa na itakutolea na rangi. Wenye zile za Zanzibar zilizogongwa mhuri wa "JAMHURI 1964" baada ya Mapinduzi wanajua thamani yote iko kwenye wino wa mhuri ule. Kuloweka majini ili kubandua bahasha ni kawaida kwa stempu nyingine. Hizo mimi siziloweki. Ikiwa iko juu ya bahasha yenye tarehe, iache juu ya bahasha yake. Pamoja zina maneno mengi zaidi.

Tukija kwa wadudu, kila mtu anaogopa mchwa, na ni kweli mchwa wakifika wanamaliza. Lakini mchwa wana adabu ya kuacha njia: ukiona kichuguu chembamba cha udongo kinapanda ukutani, umepewa taarifa. Rafu isiguse ukuta, na miguu yake iwe ya chuma. Mharibifu wa kimyakimya ni kale kadudu ka rangi ya fedha kanakoteleza kama samaki ukifungua kitabu. Kanakula wanga na gundi, kanakwangua uso wa karatasi bila kuitoboa, kwa hiyo unaona herufi zimefifia ukadhani ni uzee. Mende naye huacha madoa. Wote hao wanafuata unyevu na makombo, ndiyo maana usafi na hewa vinafanya kazi kubwa kuliko dawa.

Nafthalini, vile vidonge vyeupe vya kabatini, naomba tuachane navyo. Mvuke wake unaacha mabaki kwenye karatasi na baadhi ya plastiki, na kubwa zaidi ni afya. Watoto wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali isiyo ya nadra katika nchi zenye malaria nyingi kama zetu, wanaweza kupata upungufu wa damu wa ghafla kwa kuvuta mvuke huo au kuvalishwa nguo zilizohifadhiwa nao. Kwa ajili ya karatasi? Hapana. Majani ya mwarobaini na karafuu yana historia yake, na harufu yake naipenda, ila majani yanaleta unyevu na karafuu zina mafuta. Katika miswada mingi ya Kiarabu utakuta mwandishi ameandika "ya Kabikaj" mwanzoni, kumwomba mfalme wa wadudu awazuie raia wake. Hiyo walau haiachi doa.

Njia ninayoiamini ni baridi. Kitu kilichobunguliwa au nilichokipata kwenye sanduku la mashaka kinaingia kwenye mfuko wa zipu, hewa inakamuliwa, kinaingia friza kwa wiki mbili. Kikitoka hakifunguliwi hadi kesho yake, ili jasho litoke nje ya mfuko na siyo kwenye karatasi. Friza lisiwe la kufungulia barafu za watoto kila dakika kumi.

Friza hiyohiyo ndiyo rafiki yako mafuriko yakiingia. Karatasi iliyolowa inaanza kuota kuvu ndani ya saa 48 hivi, na kwa joto letu sitasubiri hata hizo. Usizitenganishe kwa kuvuta, usipige pasi. Zile chache zilaze kivulini juu ya taulo, feni mbali. Zikiwa nyingi kuliko mikono yako, zifungeni mafungu madogo kwenye nailoni, zigandishwe, mzitoe fungu moja moja mkishatulia. Magazeti ya rangi ya karatasi ya kung'aa ndiyo yaanze kushughulikiwa, maana yakikauka yamegandana, yamekuwa ubao.

Matengenezo nitayasema kwa ufupi, kwa sababu ushauri wangu ni usitengeneze. Selotepu inafanya kazi vizuri miaka mitano; baada ya hapo plastiki inabanduka, gundi inabaki, inageuka rangi ya chai na kupenya hadi upande wa pili. Pini za stepla na klipu zinapata kutu pwani kabla ya mwaka kuisha. Zitoe taratibu kwa kunyoosha miguu yake upande wa nyuma, siyo kwa kuzing'oa. Karatasi iliyochanika vipande viwili, viweke vipande vyote viwili ndani ya bahasha moja ya A4. Mafundi wa kweli wanatumia karatasi ya Kijapani nyembamba mno na gundi ya wanga wa ngano, kwa sababu itakuja kutoka kwa maji siku ikitakiwa kutoka. Kama una kitu kikubwa kweli, barua za babu za hati za Kiarabu au daftari la mashairi, nenda kazungumze na watu wa Nyaraka za Taifa, Upanga kwa Dar es Salaam au Kilimani kwa Unguja. Kuwaonyesha si kuwapa.

Na skana, kwa kweli. Dipiai (nukta kwa kila inchi) 300 kwa maandishi ya kawaida, 600 kwa stempu na noti, nakala moja kwenye diski, nyingine mtandaoni. Skana haitunzi karatasi, ila inaipunguzia kuguswa. Ukiishika, nawa mikono ukaushe. Glavu za pamba zinakunyima hisia za vidole na kuchana pembe.

Limebaki jambo moja ambalo wakusanyaji hatupendi kulizungumza. Magazeti ya zamani mengi hayakuliwa na mchwa wala kuvu. Yaliuzwa kwa kilo msiba ulipoisha, yakaenda kufungia karanga. Watoto hawakuwa na ubaya. Waliona makaratasi, na hakuna aliyewaambia. Kwa hiyo ndani ya mfuniko wa kila sanduku nimebandika, kwa kona za karatasi bila gundi, ukurasa mmoja: humu mna nini, kipi ni cha familia kisiuzwe, kipi kina soko na aulizwe nani, kipi kipelekwe Nyaraka. Nimeuandika kwa penseli, maana penseli haifutwi na maji wala haifi kwa mwanga, na fotokopi zake anazo mdogo wangu Morogoro, ambaye hapendi stempu hata kidogo lakini akiahidi kitu hufanya.